Nani anaishikilia hapo 38?

Kidude cha plastiki cha kupima homa ya ini B kimelala mezani, maabara moja ya Upper Hill, Nairobi, saa nne asubuhi. Mikrolita 50 za seramu zimeshapanda kwenye karatasi yake, dakika 15 zimepita, na mstari uliojitokeza ni mmoja tu, ule wa C, unaoonyesha tu kwamba kidude kinafanya kazi. Mzee aliye kwenye benchi anaujua mstari huo. Mwanawe amemwonyesha picha zake kwenye simu.

"Daktari, si hiyo ni kusema sina?"

"Kidude ndivyo kinavyosema, mzee. Lakini kuna vipimo vingine viwili bado. Keti kidogo."

Vilipotoka, karatasi ilisomeka hivi. HBsAg, antijeni ya ganda la kirusi: haipo. Anti-HBc, kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi: ipo. DNA ya kirusi cha homa ya ini B: IU (vizio vya kimataifa) 38 kwa mililita. ALT, enzimu inayovuja ini likiumia: 22, kumaanisha ini halilalamiki. Juu kabisa, kwa kalamu ya bluu, sababu ya kupimwa: limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu; dawa ya rituksimabu, inayopunguza kinga, wiki ijayo.

Ni hiyo 38 isiyotoka kichwani. Kama kinga ya mwili ilishinda, DNA inatafuta nini kwenye damu? Na kama ilishindwa, mbona ni 38 na si milioni 38? Wapo watu wenye HBsAg wanaopanda matatu asubuhi wakiwa na mamia ya mamilioni kwa kila mililita, na ALT yao nayo ni 22.

Kirusi ni kilekile. Tofauti tuitafute kwa mwenyeji wake.

Kabla ya kuisingizia kinga

Si kila mstari mmoja ni maambukizi fiche, yaani kirusi kilichojificha ini bila HBsAg kuonekana. Mara nyingine ni kipimo kilichozidiwa. Vidude vya dakika 15 huikosa antijeni ikiwa kidogo sana, ilhali mashine kubwa za maabara huinasa hata ikiwa IU 0.05 kwa mililita. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kurudia HBsAg kwenye mashine. Kufungua kidude cha pili kutoka boksi lilelile ni kuuliza swali lilelile kwa mtu yuleyule.

Halafu kuna kirusi kilichojibadili sura. Kwenye nafasi ya 145 ya protini ya ganda, asidi amino ya glisini hutoka na ya ajinini huingia, na kingamwili iliyomo ndani ya kipimo hupapasa bila kushika. Antijeni imejaa tele ila kipimo hakiioni. Mtu huyo kwa kawaida ana DNA nyingi, kupita IU 200 kwa mililita, sawa na mgonjwa yeyote wa homa ya ini B sugu. Huo ni ufiche wa uongo.

Ufiche wa kweli ulipewa maana yake na wataalamu waliokutana Taormina, Sicily, mwaka 2008, wakarudi tena 2018: DNA yenye uwezo wa kuzalisha virusi imo ndani ya ini, iwe inaonekana kwenye damu au la, kwa mtu ambaye HBsAg haipatikani. Wengi wao wana anti-HBc, alama kwamba waliwahi kukutana na kirusi. Wachache hawana hata hiyo.

38 si namba ya kudharau. IU moja ni kama nakala 5. Mfuko wa damu wa mililita 450 una plazima ya takribani mililita 250. Zidisha: nakala karibu 47,500 ndani ya mfuko ambao HBsAg yake imesoma "hakuna".

Kusafisha bila kuua

Tuliofundishwa kinga kwa michoro ya ubaoni tulizoea picha moja: seli T inaitambua seli iliyoambukizwa, inaitoboa, inaiua. Kwenye ini picha hiyo haifui dafu. Katika maambukizi makali kirusi kinaweza kuingia karibu kila seli ya ini. Ukiziua zote, mgonjwa amekwenda na virusi vyake. Ila watu wazima wengi, zaidi ya 95 kwa kila 100, hupona na ini lao likabaki.

Jibu lilianza kutoka kwa panya, kisha kwa sokwe. Mwaka 1999 kundi la Luca Guidotti na Francis Chisari, California, lilionyesha kwamba katika sokwe walioambukizwa, sehemu kubwa ya DNA ya kirusi ilitoweka kwenye ini na kwenye damu kabla seli T hazijajaa iniini na kabla ini halijaumia sana. Kazi ilifanywa na ujumbe kabla ya silaha kufika. Ujumbe huo ni saitokini, na wakuu wake hapa ni wawili: interferoni gama na TNF alfa. Seli T na seli NK, wauaji wengine wa kinga, huzitema, seli za ini huzipokea, na ndani ya seli hiyo ya ini magamba madogo yanayobeba nakala mpya za kirusi hukosa kukaa sawa. Uzalishaji hushuka. Seli inabaki hai.

Lakini kuna kitu hakisafishiki kirahisi. Ndani ya kiini cha seli kirusi huacha DNA yake ya duara, iliyofungwa ncha zote, ile tunayoiita cccDNA. Ndiyo shina linalochipua kila kitu kingine. Mwaka 2014 ilionyeshwa maabara kwamba interferoni alfa, na ujumbe unaopitia kipokezi cha limfotoksini beta, huziamsha enzimu za jamii ya APOBEC3 zikaikatakata DNA hiyo bila kuiua seli. Habari njema, ila shina halikuisha lote.

Hapo ndipo 38 inapoanza kueleweka. Waliopona, walipona kwa kunyamazisha. Mabaki yapo kwenye seli chache za ini, na kuna anayeyasimamia.

"Mwizi!"

Sasa mgeukie mwenye maambukizi sugu. Wengi waliyapata utotoni: mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kubaki nayo, mtu mzima chini ya asilimia 5. Kirusi hiki huingia kwa kunyata. Katika wiki za mwanzo hakiamshi interferoni kwenye ini kama virusi vingine vinavyofanya, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kisha kinafurika. Kwa kila kirusi kamili, seli za ini humwaga vipande vya ganda tupu vya HBsAg, hadi laki moja kwa kirusi kimoja. Seli T zinazoona antijeni hiyo mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, huchoka, na huchoka kwa mpangilio: kwanza hupoteza uwezo wa kutoa saitokini ya IL-2, kisha TNF, na interferoni gama huenda mwisho. Juu ya uchovu huo ini lenyewe, kwa maumbile yake, ni kiungo cha upole. Linapokea damu ya utumbo iliyojaa vipande vya chakula na bakteria, na lingewaka kila siku kama lisingekuwa na saitokini za kutuliza, IL-10 na TGF beta. Kirusi kimepanga nyumba ambayo tayari ilikuwa na sheria ya kutopiga kelele.

Ajabu ni kwamba ini la mgonjwa sugu linaweza kuumia vibaya huku kirusi hakisafishwi.

Pita Gikomba siku mtu amepiga kelele "Mwizi!" Umati unakuja mbio, wengi hawajui mwizi ni nani, meza za mitumba zinapinduliwa, na mwizi ameshatokea upande wa mto. Kemokini CXCL10, saitokini ya kuita seli, ni kelele ya namna hiyo. Inaita seli nyingi zisizo na habari yoyote na homa ya ini B. Wakati wa milipuko, interferoni alfa na IL-8 zikipanda pamoja, seli NK huvaa TRAIL, protini inayoiamuru seli jirani ife, na kuanza kuua seli za ini. ALT inaruka, mgonjwa anakuwa wa manjano, na DNA huenda ikashuka kidogo tu kisha ikarudi.

Na IL-10? Hapa ndipo shaka ilipoingia. Tungetarajia iwe juu wakati wa utulivu, maana ni breki. Kumbe hupanda pamoja na mlipuko. Breki hukanyagwa gari likiwa kasi. Kwa hiyo IL-10 iliyo juu kwenye karatasi inaweza kumaanisha kinga imebanwa, au kinga imewaka na mwili unajaribu kuizima. Namba moja, maana mbili zinazopingana.

Dawa zilizotoa siri

Ukisoma tafiti za saitokini katika maambukizi fiche utarudi nyumbani na kichwa kinauma. Hii inaikuta IL-10 juu kuliko kwa wagonjwa sugu, ile inaikuta chini. Ushahidi ulio safi zaidi umetoka wodini, bila mtu kuutafuta.

Mgonjwa wa baridi yabisi anapewa infliksimabu, dawa inayoizuia TNF. Akiwa na homa ya ini B, kirusi kinaweza kuamka, na kwa wachache hutokea hata pale ambapo HBsAg haikuwepo. Huwezi kupata jaribio lililo wazi kuliko hilo: umeondoa ujumbe mmoja, mlango umefunguka. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ina hila ya ziada, kwa sababu mbali na kuipooza kinga, DNA ya kirusi ina sehemu inayoitikia homoni za kundi hilo moja kwa moja. Kwa mwenye HBsAg, miligramu 20 kwa siku kwa wiki 4 au zaidi ni hatari ya kuhesabika.

Kisha kuna rituksimabu, na hapo hadithi ya saitokini peke yake inayumba. Dawa hii huziondoa seli B, chanzo cha kingamwili. Interferoni gama haiigusi, TNF haiigusi, seli T inaziacha. Pamoja na hayo ni miongoni mwa dawa zinazokiamsha kirusi fiche kuliko zote. Ina maana mlinzi si mmoja. Kingamwili zinazokamata virusi vinavyochungulia kutoka iniini zina sehemu yao, na seli B huenda pia ndizo zinazozionyesha seli T antijeni ili zisisahau.

Wenye maambukizi fiche walio na anti-HBc mara nyingi wana seli T zinazomkumbuka adui vizuri: ukizionyesha vipande vya protini ya kiini cha kirusi, zinatoa interferoni gama. Wasio na anti-HBc wanaitikia kwa unyonge. Kwa hivyo hata neno "fiche" limefunika watu wa aina mbili, na ukiwachanganya kwenye kundi moja la utafiti, wastani utakaoupata si wa yeyote kati yao.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Tulikuwa tunauliza ni saitokini gani iko juu. Ilitupasa kuuliza nani anaitoa, akichokozwa na nini, na amekaa wapi.

Mrija wa zambarau, mrija wa kijani

Saitokini hufanya kazi kati ya seli na jirani yake, kisha huisha. Inayofika kwenye mshipa wa mkono ni mwangwi, na mwangwi huharibika njiani. Hapa ndipo tafiti nyingi hufia, kwenye kibanda cha kutolea damu, kabla hata ya mashine kuwashwa.

Chukua mililita 4 kwenye mrija wa zambarau wenye EDTA ya kuzuia damu kuganda, ugeuzegeuze taratibu mara 8 hadi 10, usiutikise. Tenganisha plazima ndani ya saa 2. Damu iliyotoka Kitengela kwa pikipiki ikakwama Mlolongo na kufika mchana haifai kwa kazi hii: seli nyeupe zilizoachwa kwenye joto huanza kutengeneza IL-8 humo humo mrijani, na utapima msongamano wa Mombasa Road ukidhani umepima ini. Zungusha kwa nguvu ya 1,500 g dakika 10. Nyonya plazima ukiacha kama nusu sentimita juu ya seli. Ikiwa unataka TGF beta, zungusha plazima hiyo tena, 10,000 g dakika 10, kwa sababu chembe sahani zimejaa TGF beta na zikibaki zitaimwaga. Kwa sababu hiyohiyo usitumie mrija mwekundu: damu ikiganda, chembe sahani zinafungua magunia yote. TGF beta pia hutembea ikiwa imefungwa, na isipofunguliwa kwa asidi kabla ya kupimwa kipimo kitaona sehemu ndogo tu.

Gawa plazima kwenye vichupa vya mikrolita 250, weka nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kikiyeyushwa mara moja, kisirudi friza. Na stima ya Nairobi tunaijua: friza isiyo na kengele wala daftari la joto inaweza kuyeyuka Jumamosi, ikaganda tena Jumapili, na Jumatatu kila kitu kinaonekana shwari.

Kwenye sahani yenye vishimo 96 ya ELISA, kipimo kinachonasa saitokini kwa kingamwili, mfululizo ni huu. Kingamwili ya kunasa inalala usiku kucha kwenye nyuzi 4. Unaziba nafasi tupu kwa albumini ya asilimia 1, saa moja. Unaweka mikrolita 100 za sampuli, saa 2. Unaosha. Kingamwili ya kutambua, kuosha, enzimu dakika 30 gizani, kuosha, kisha rangi inayogeuka bluu na asidi inayoifanya njano. Unasoma kwenye nanomita 450. Kosa la kila siku ni kuosha kivivu: enzimu iliyobaki inapaka sahani nzima na kila mgonjwa anaonekana ana saitokini. Vishimo vya pembeni hukauka na kupata joto mapema, usiweke huko sampuli unazozipenda. Pima kila sampuli mara mbili, na zikitofautiana kupita asilimia 15, rudia. Tafadhali, wagonjwa sugu na fiche wakae sahani moja. Ukiweka sugu Jumanne na fiche Alhamisi, tofauti utakayoichapisha ni ya Jumanne na Alhamisi.

Lipo na tatizo la sakafu. Kipimo cha IL-10 kikianza na pikogramu 500 kwa mililita na kupunguzwa nusu mara sita, kinaishia 7.8. Mtu mzima asiye na homa mara nyingi yuko chini ya 5. Nusu ya data yako ni vishimo visivyo na jibu, na ukivijaza kwa namba moja ya kubuni, takwimu zitakupa tofauti ambayo haikuwepo.

Kisha maisha ya hapa. Malaria hupandisha IL-10 na TNF. Minyoo na kichocho hupandisha IL-10. Aliyetoka kumsalimia mama Kisumu wiki jana ana saitokini za safari yake. Pima malaria, choo na virusi vya UKIMWI kwa kila mshiriki, ama usianze.

Kipimo kinachojibu swali letu kimo kwenye mrija wa kijani, wenye heparini. Unatenga seli nyeupe zikiwa hai, unahesabu 200,000 kwa kila kishimo, unazionyesha vipande vya protini ya kiini cha kirusi, kila kimoja asidi amino 15 na vikipishana, unaziacha saa 24, na unahesabu madoa: kila doa ni seli moja iliyotoa interferoni gama kwa sababu imemtambua adui huyu hasa. Kishimo kimoja hakipewi kitu, kingine kinapewa kichocheo cha jumla. Kichocheo kisipotoa madoa, seli zilikufa njiani na jibu la "hakuna" halina maana. Ni kazi ghali na ya haraka, na seli hazingoji. Lakini madoa 30 hapa yana neno kuliko pikogramu 30 kule.

Karatasi ya mzee

Hakuna saitokini ya kumpima mzee huyu ili kuamua matibabu yake. Anayemuuzia kipimo hicho leo anamuuzia mwangwi. Karatasi yake tayari inatosha.

HBsAg haipo, anti-HBc ipo, rituksimabu inakuja: anaanza kinga ya dawa ya kulaza kirusi kabla ya dozi ya kwanza, hata kama DNA ingekuwa sifuri. Entekaviri miligramu 0.5 kwa siku, saa 2 baada ya chakula na saa 2 kabla ya kingine, au tenofoviri miligramu 300 ikiwa figo zinaruhusu. Anaendelea nayo muda wote wa matibabu na angalau miezi 18 baada ya rituksimabu ya mwisho, kisha anafuatiliwa miezi 12 mingine, kila miezi 3 hadi 6. Hapo kwenye mwisho ndipo watu huteleza. Limfoma imetulia, mzee amenenepa, kliniki ya saratani imemruhusu aende, na vidonge vinaisha bila mtu kuuliza. Kirusi kinaweza kuamka zaidi ya mwaka mmoja baadaye.

Wanaotumia ARV wana mtego unaofanana. Kidonge cha kawaida hapa kina tenofoviri 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50, na viwili vya kwanza vinakilaza kirusi cha homa ya ini B bila mgonjwa kujua. Ukimhamishia sindano isiyo na tenofoviri bila kupima HBsAg na anti-HBc, umeondoa kifuniko.

Nyumbani kwake, aliyezaliwa kabla ya chanjo ya tano-kwa-moja kuingia kliniki za Kenya mwishoni mwa 2001 huenda hajachanjwa. Apimwe, na akiwa hana kinga wala kirusi, achanjwe mwezi 0, 1 na 6. Mzee mwenyewe chanjo haitamwondolea kitu kilicho ndani ya kiini cha seli. Damu asiwachangie watu wengine tena.

Limebaki moja, na ni la wiki hii. Rituksimabu ikishaingia, kingamwili zinaweza kushuka hadi anti-HBc isionekane, na akiongezewa damu au kingamwili za mtu mwingine, anti-HBc itakayoonekana huenda si yake. DNA nayo huja na kutoweka. Kwa hivyo mrija mwingine wa zambarau, mililita 4, uchukuliwe kesho kabla hajafunguliwa dripu, na uandikwe tarehe na saa.

"Mzee, kesho kabla ya wodi pitia hapa kwanza."

"Si mmeshanitoa damu leo, daktari?"

"Hiyo ya leo ilikuwa ya kuuliza. Ya kesho tunaiweka."